Kiti cha Watatu

Kwa miaka sita kile kiti kilikaa kwenye veranda ya Guka, juu ya Runyenjes, mgongo ukutani, kikitazama mibuni. Wageni walikikalia bila kuuliza kilitoka wapi. Paka alizalia chini yake mara mbili. Ni kiti kirefu cha reksini nyekundu iliyopauka hadi ikawa rangi ya maharagwe yaliyochemshwa, na ukikikalia springi zinakukumbusha kila mahali ulipo na mfupa. Siku moja mjomba alisema kitupwe. Guka akamwambia, "Hicho ni kiti cha mbele," akaendelea kunywa chai.

Kilikuwa kiti cha mbele cha Peugeot 404 yake, ambayo ilikuwa imesimama hatua ishirini kutoka hapo, chini ya mwavokado, bila injini, kuku wakilala ndani.

Ili uelewe hiyo gari lazima uanzie Brazil. Mwaka wa 1975 baridi kali iliua mibuni kule, bei ya kahawa duniani ikapanda, na kufikia 1977 wakulima wa Embu na Meru walikuwa wanashika pesa ambayo baba zao hawakuwahi kuiota. Guka husimulia mwaka huo kama mtu anayesimulia harusi. Alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa na alikuwa na mibuni yake mwenyewe. Wengine walijenga nyumba za mawe, wengine wakaoa tena. Yeye alinunua 404 iliyokwisha kutumiwa, rangi ya krimu, nambari ya herufi tatu na tarakimu tatu, bila ile herufi ya mkiani ambayo magari ya siku hizi yanayo.

Kwa nini Pijo? Muulize mzee yeyote wa umri wake, lakini uwe na muda. 404 ilishinda Safari Rally 1963, halafu 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakafika mwisho. Mwaka wa 1968 wakafika 7 tena. Miaka yote hiyo miwili walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya 404. Guka anazikumbuka hizo saba kuliko anavyokumbuka siku za kuzaliwa za watoto wake, na akifika hapo kwenye hadithi huinua vidole saba, polepole, kama hujui kuhesabu.

Gia ya 404 ilikuwa kwenye shingo ya usukani, kwa hiyo sakafu ya mbele ilikuwa wazi, na kiti kilikuwa kimoja kutoka mlango hadi mlango. Guka upande wa kulia. Cucu kushoto, dirishani, mkoba magotini. Mimi katikati. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, kwa hiyo mimi na Cucu tuna jina moja, na Guka aliniita bibi yake tangu nikiwa sijaota meno. Tukipanda gari kwenda kanisani alisema, "Leo nimebeba mabibi wawili," na Cucu aliangalia nje kama hajasikia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili alipofariki. Jumapili iliyofuata niliketi katikati kama kawaida, nafasi ya dirishani ikabaki wazi, na hakuna aliyeniambia nisogee.

Sasa injini.

Agosti 2018 niliitwa chuo kikuu, wa kwanza katika nyumba yetu. Karo ya kuanzia, kitanda, godoro, nauli, ada ya hiki na kile. Kahawa ilikuwa haijalipwa. Nikadhani mambo yatajipanga yenyewe, unavyofikiri ukiwa na miaka kumi na tisa. Wiki moja baadaye alikuja mtu aliyekuwa na pikapu ya 404 iliyokufa injini, na mafundi wawili na mnyororo. Waling'oa kiti cha mbele kwanza ili wafikie bolti za gia boksi kwa juu, wakakiweka verandani. Injini ya 404 imelazwa upande, digrii 45, ndiyo maana boneti yake ni fupi na laini. Ilipotoka ilining'inia kwenye tawi la mwavokado ikiwa imeinamisha kichwa. Yule mtu akahesabu Sh35,000. Guka akazihesabu tena, akaketi kwenye kile kiti, akanipa zote bila kutoa hata noti moja ya soda.

Niliacha chuo mwaka wa tatu.

Sina hadithi kubwa hapa na najua ungependa niwe nayo. Hakuna aliyenifukuza. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya corona, nikarudi nyumbani na laptopu, na rafiki akanionyesha jinsi ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao kwa pesa. Vijana wengi wa rika langu wanaijua hiyo kazi vizuri sana. Wengine wamejengea wazazi wao nyumba nayo. Chuo kilipofunguliwa niliendelea. Usiku mmoja nilituma insha ya mwanafunzi wa Ohio saa tisa, nikalala, nikaamka saa nne, na mtihani wangu ulikuwa umeanza saa mbili. Nilijiambia nitaufanya muhula ujao. Ule mmoja ukawa mitatu, na mwaka wa 2021 sikujisajili tena. Nilikuwa nimemsaidia mtu wa Ohio kuhitimu, hiyo ninaweza kuthibitisha.

Guka sikumwambia. Alipouliza nitavaa joho lini, nilisema corona ilituchelewesha, na ilikuwa kweli kwa wengine. Mwaka uliofuata nikasema mfumo wa alama una shida. Halafu nikasema wahadhiri wamegoma. Uzuri wa chuo kikuu cha Kenya ni kwamba daima kuna sababu ya kweli ya kutohitimu, unachagua tu. Naye alitikisa kichwa akasema hiyo serikali, akaketi vizuri kwenye kiti cha gari lisilo na injini. Kila mara niliangalia kiti badala ya kumwangalia yeye.

Mwisho wa 2022 ikatokea ChatGPT na wale wateja wa insha wakayeyuka. Nikahamia kuandika makala za tovuti, zile ambazo hakuna binadamu huzisoma hadi mwisho. Mbwa anapaswa kula mara ngapi. Namna ya kuchagua pazia. Kisha siku moja ikaja oda kutoka kwa mteja Mmarekani: maneno 1,200, dola 12, jinsi ya kufunga kiti cha benchi mbele kwenye sedani ya zamani ya hotirodi.

Hotirodi, kama ilinipita mimi huenda imekupita wewe pia, ni gari kuukuu lililovuliwa, likapewa injini yenye nguvu kuliko lilivyozaliwa nayo. Ilianza na vijana wa California waliochukua Ford kuukuu, hasa ile ya 1932 ya V8, wakaondoa matopeo na kila kilicho kizito, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka. Baada ya vita vya pili ikawa utamaduni mzima. Kufikia 1948 walikuwa na jarida lao. Nilisoma hayo yote kwa siku mbili. Nikaandika kwamba reli mbili za kiti lazima ziwe sambamba. Nikaandika kwamba bolti zisishikwe na bati tupu la sakafu. Nikaandika "hakikisha" mara tisa, nilizihesabu baadaye. Mteja akanipa nyota tano. Sikuwa nimewahi kushika spana maishani.

Na hapo ndipo cuzo alipiga simu.

Huyu ni mtoto wa shangazi yangu aliyeolewa Meru. Yeye na marafiki wawili wamekodi gereji nyuma ya Makutano, wanatengeneza magari ya watu mchana na yao usiku. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021 amekuwa mgonjwa wa magari ya zamani, na alikuwa amemwomba Guka lile bodi la 404. Guka alimpa. Walilivuta hadi Meru nyuma ya lori, kuku wakabaki wamesimama chini ya mwavokado wakishangaa.

Alichofanya ni hotirodi halisi, ila hakujua jina. Alipata injini ya 3Y kutoka Hilux iliyoanguka. Tatizo ni kwamba shafti ya 404 huzunguka ndani ya bomba lililoshikana na difu, kwa hiyo ukibadilisha gia boksi unalazimika kubadilisha mambo yote hadi magurudumu ya nyuma. Ilimchukua mwaka na nusu. Alinipigia ili nimwandikie maelezo ya picha zake za Instagram, bure, kwa sababu mimi ni "mwandishi wa familia".

"Mbele naweka viti viwili vya Subaru," aliniambia. "Nimeshatoa Grogan, elfu kumi na nane. Zinakumbatia mwili wazimu."

"Na kile cha benchi?"

"Wee, hakuna hotirodi iko na kiti cha kanisa."

Nikamwambia ziko. Nikamwambia nyingi zina kiti cha benchi, tena wanakitafuta kwa bei. Nikamsomea aya nzima ya makala yangu. Alinyamaza, kisha akauliza mimi nimejuaje hayo yote, nami nikajibu kwa sauti ya mtu aliyefunga viti hamsini. Sababu yenyewe sikumwambia. Injini ya lile gari nilikuwa nimeila mimi, na singeweza kuirudisha. Kiti bado kilikuwepo.

Guka nilipomwomba kiti aliuliza atakalia nini. Nikamletea kiti cha plastiki. Alikigeuza, akakitazama miguu, akakaa. "Kikirudi kwenye gari," alisema, "mnipitie."

Kukitoa Runyenjes hadi Meru kulihitaji Probox. Ukiwa mgeni wa barabara hii, Probox ni gari dogo la watu watano ambalo kwetu hubeba kumi, na dereva hukalia nusu ya kiti chake ili abiria mwingine apate nusu nyingine. Tulikifunga kiti juu ya keria kwa kamba, miguu ikielekea mbinguni. Kijana wa kupakia akaniambia nilipe watu wanne.

"Mimi ni mmoja!"

"Wewe mmoja. Na hicho si ni kiti cha watatu?"

Tulielewana watu wawili na nusu. Njiani nilibanwa na mama mwenye debe la parachichi, na kichwani nikawa nasikia springi za kiti zikilia juu yetu kila kona, kutoka Chuka hadi Nkubu, kama mtu anayekohoa ghorofa ya juu.

Fundi wa viti ambaye cuzo alimleta ni mzee kiasi, mfupi, mkimya, mwenye sindano iliyopinda kwenye ukosi wa koti. Alifanya kazi ya matatu maisha yake yote. Alisema mwaka mzuri kuliko yote ulikuwa 2004, wakati wa zile sheria za Michuki, Nissan ziliposhushwa kutoka abiria 18 hadi 14 na kila kiti kikahitaji mkanda. Kwa miezi alikuwa anang'oa mabenchi mchana na usiku. Kabla ya hapo, alisema, kulikuwa na sambaza, ule ubao unaowekwa kati ya viti viwili ili mtu mmoja zaidi apate pa kuweka nusu ya makalio. "Mimi nimetoa mabenchi," alisema. "Kurudisha, hii ndiyo ya kwanza."

Alikichana kiti kwa wembe. Chini ya reksini kulikuwa na gunia, chini ya gunia kulikuwa na nyuzi za nazi zilizogeuka vumbi, na chini kabisa springi. Mlitoka sarafu, meno ya kitana, maganda ya njugu ambayo karibu nina uhakika ni yangu, na pini ya nywele ya Cucu. Fundi aliiweka kwenye kifuniko cha mkebe pamoja na skurubu. Niliichukua bila kusema kitu.

Halafu tukaangalia sakafu, na makala yangu ya dola 12 ikaanza kufa.

Kwanza, mavi ya kuku hula chuma. Hilo halikuwa kwenye makala. Upande wa kushoto, pale reli inaposhikwa, ungeweza kupenyeza kidole hadi nje. Cuzo alikata bati lililooza akachomelea shiti mpya ya geji 16, na chini ya kila bolti tukaweka sahani ya chuma, upana wa kiganja, ili gari likigonga kiti kisichomoke na kipande kidogo cha sakafu.

Pili, gia boksi ya Hilux ni nene kuliko ile ya Pijo. Cuzo alikuwa ameinua kile kibumba cha katikati ya sakafu ili ipite, na tulipoweka fremu ya kiti ilikaa juu ya kibumba ikayumba kama mizani. Jibu rahisi ni kuinua kiti chote. Tukakiinua kwa mbao, cuzo akaketi: kichwa kikagusa dari, mapaja yakagusa usukani. Tukakiteremsha. Fundi akazunguka gari mara mbili bila kusema, akachora tao kwa chaki kwenye bomba la chini la fremu, katikati. Hapo tulikata, tukachomelea bomba jingine lililopindwa kama daraja, na springi za katikati zikafupishwa ili zisigonge kibumba.

"Huyu wa katikati atateseka," fundi alisema.

"Wa katikati ni mimi," nikamwambia.

Akanitazama mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaongeza sponji kidogo, ile ngumu.

Tatu, reli. Kiti cha benchi ni kimoja. Viti viwili kila mtu husogeza chake, lakini hapa dereva akitaka kwenda mbele, wote wanakwenda mbele. Kuna reli kulia na reli kushoto, na zisipokuwa sambamba kabisa, upande mmoja unakwenda na mwingine unabaki, kiti kinakwama kimeelekea dirishani. Hili nililijua! Nililiandika! Nikasema tupime umbali kati yake mbele na nyuma. Fundi akasema hiyo haitoshi, maana zinaweza kulingana huku zote zimelala upande. Alipima kona hadi kona, msalaba, kama anavyopima fremu ya mlango, na tulikuwa tumekosea milimita tisa. Tulitoboa upya. Reli ya kulia ilikuwa ile ya zamani, ya kushoto ilikuwa imeliwa na kutu, tukatumia nyingine tuliyoipata kwa jirani. Mpaka leo hiyo ya kushoto inakwama kidogo kabla ya kukubali.

Tatizo la nne ndilo lililokaribia kuturudisha kwa Subaru. Gia. Zamani ilikuwa kwenye usukani. Sasa kulikuwa na fimbo ya Hilux inayotoka sakafuni, wima, na kiti kilipoingia fimbo ikawa imesimama mahali hasa ambapo mtu wa katikati angeweka magoti yake. Cuzo akakunja mikono. "Si nilisema. Hapa hakuna mtu wa katikati."

Fundi alikuwa anakunywa chai. Akaelekeza kikombe barabarani. Ilikuwa saa sita mchana, na Hilux za miraa zilikuwa zinapita kutoka upande wa Maua, zimejazwa hadi turubai inapasuka, zinakimbilia Nairobi kabla majani hayajanyauka.

"Hizo mbele zinabeba wangapi?"

"Watatu," cuzo akasema.

"Gia iko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Cuzo alichukua gesi, akaipasha fimbo moto hadi ikawa nyekundu, akaipinda mbele kisha juu, kama shingo ya bata, ikaenda kukaa karibu na dashibodi. Gia ya kwanza na ya tatu sasa ziko mbali na magoti. Ya pili na ya nne zinarudi nyuma na kukugonga goti la kulia, lakini si sana.

Mikanda ilikuwa ya mwisho na hapo fundi hakutaka utani. Dirishani na kwa dereva mikanda ya begani, iliyoshikwa kwenye nguzo ya bodi. Katikati mkanda wa kiuno, bolti zake zimepita sakafuni hadi kwenye sahani zake zenyewe. Kiti chenyewe kisishike mkanda hata mmoja, alisema, maana kiti kikitoka kitatoka na mtu. Reksini mpya ilikuwa nyekundu, lakini nyekundu ya leo inang'aa mno. Nilimwomba aache kipande kimoja cha zamani. Akakishona nyuma ya mgongo, mahali pasipoonekana.

Tulishuka kumchukua Guka Jumamosi. Kutoka Meru hadi kwake cuzo hakuweka muziki. Kwenye mteremko wa Nithi aliingiza gia ya pili mapema sana na sote tukanyamaza. Pale Julai 2022 basi lilianguka kutoka darajani na watu zaidi ya 30 wakafa, na halikuwa gari la kwanza kuanguka pale. Breki zetu zilikuwa mpya na alizifunga kijana wa miaka ishirini na saba. Fimbo ya gia ilinigonga goti ikakaa hapo hadi tulipovuka. Sikuisogeza.

Guka alikuwa amevaa koti. Alizunguka gari akigusa. Boneti hakuomba ifunguliwe. Alifungua mlango wa kushoto, akaweka mkono kwenye kiti, akabonyeza mara tatu, sehemu tatu.

"Hapa katikati ni pagumu."

"Ni gia boksi, Guka," cuzo alisema.

"Bibi yangu atakaa wapi?"

"Hapo hapo," nikasema, nikaingia.

Akaingia baada yangu, dirishani, upande wa Cucu. Alisema magoti yake yanauma, kiti kiende nyuma. Cuzo akavuta wenzo, reli ya kulia ikaenda, ya kushoto ikakwama, sote watatu tukasukuma kwa makalio kwa pamoja, na kiti kikaruka nyuma kwa kishindo. Guka akacheka hadi akakohoa. Sasa cuzo alilazimika kunyoosha miguu ili afikie klachi, lakini hakulalamika.

Tulipanda barabara ya Chuka. Ukiketi hivyo, watu watatu bega kwa bega mnatazama mbele, humwoni mtu usoni. Unaona mikono tu. Mikono ya Guka ilikuwa juu ya magoti, pale mkoba ulipokuwa ukikaa zamani. Tulipovuka Thuchi nikasema, "Guka, mimi niliacha shule."

Injini ya 3Y ina kelele. Nikadhani hakusikia, nikarudia.

"Nimesikia," alisema.

"2021."

Cuzo aliangalia barabara kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Tulipita mzee na punda, tukapita kiosk, tukapita mti mkubwa wenye vivuli vya bodaboda. Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu ya hali ya ajira, ya akili, ya wakati. Nilikuwa hata na nukta za kuanzia. Nikaziacha zote.

Guka aliinama mbele, akamtazama mjukuu wake mwingine akinipita mimi.

"Hii injini ulinunua ngapi?"

"Sitini na tano, Guka. Na gia boksi yake."

"Ile yangu niliuza thelathini na tano." Akarudi nyuma. Kwa muda mrefu akawa anatazama nje. Halafu akanishika goti, lile la kulia, ambalo gia ilikuwa imeligonga tangu Meru, si kwa upole sana. "Basi unanidai... hapana. Mimi ndiye nakudai. Elfu thelathini na tano."

"Ndiyo, Guka."

"Hiyo ya tatu iko wapi?" akamuuliza cuzo. "Gari inalia. Weka ya tatu."

Tulifika Chuka, tukanywa chai na mandazi, tukarudi. Hakusema kingine kuhusu jambo hilo, na alipofika nyumbani alikaa kwenye kile kiti cha plastiki akatupungia mkono bila kusimama. Usiku nilikuwa nimekasirika, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka anigombeze. Pesa ni kitu kidogo sana, na kwa mtu anayelipwa dola 12 kwa makala ni kitu kikubwa sana.

Nimeshamtumia mara nne kwa M-Pesa, elfu moja moja. Kila pesa ikifika anapiga simu. Haisemi kabisa. Anauliza kama ile reli ya kushoto bado inakwama, namwambia bado, naye anasema tujaribu kuipaka grisi ya magurudumu, ile nzito. Mwezi jana tuliipaka. Bado inakwama.